Barua ya wazi kwa wasimamizi wa shule yetu ya dansi: rudisheni mdundo kwenye darasa la watoto wadogo

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya uendeshaji,
na kwa Mkurugenzi wa mafunzo.

YAH: DARASA LA BALETI NA MIONDOKO LA WATOTO WA MIAKA MINNE HADI SABA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru kwa miaka 11 mliyonipa ya kupiga piano kwenye darasa la watoto wadogo. Ninyi mnanifahamu kwa sura. Watoto wananifahamu kwa jina la Bibi Piano, na sijawahi kulikataa.

Hii ni mara ya nne nawafikia kwa jambo hili hili. Mara ya kwanza nilizungumza na Mkurugenzi mlangoni, kipindi kilipokwisha, akaniambia amenielewa. Mara ya pili na ya tatu niliandika barua na kuzileta ofisini mwenyewe. Nikaitwa mbele ya kamati na kupewa dakika 10, ambazo 4 kati yake zililiwa na mazungumzo juu ya mapazia ya jukwaa. Jibu lililokuja lilikuwa na sentensi mbili, zote za kunishukuru. Nimengoja muhula mzima. Leo naandika mbele ya wazazi na walimu wenzangu. Sina nia ya kumwaibisha mtu. Ni kwamba mlango wa ndani nimeugonga hadi mkono umechoka.

Kwanza niliondoe njiani lile linalonong'onwa. Ndiyo, piano iliondolewa darasani na mahali pangu pakawekwa spika. Mtasema bibi kizee analilia kiti chake. Kiti sikiombi. Mwalimu yeyote mwenye ngoma ndogo mkononi na macho yake kwa watoto anaweza kufanya nilichokuwa nafanya, pengine vizuri kunizidi, maana ngoma inabebeka na piano haibebeki.

Malalamiko yangu ni kwamba darasa lililokuwa la kumfundisha mtoto kuusikia mdundo na kuutia mwilini limegeuzwa mazoezi ya onyesho la mwisho wa mwaka. Watoto wanafundishwa waonekane kama wachezaji wa baleti. Kucheza kwenyewe hawafundishwi. Yafuatayo ndiyo yanayonisumbua; mengine nitayaeleza kwa kirefu, mengine kwa maneno machache, kila moja kwa uzito wake.

1. Mdundo umetolewa darasani

Kipindi cha zamani kilianza kwa kutembea tu. Watoto walizagaa ukumbini, piano ikawapigia hatua. Piano ikinyamaza, wanaganda walipo. Nikishuka kwenye noti nzito za chini wanakuwa tembo. Nikipanda kwenye nyembamba za juu wananyata kwa vidole. Mpita njia akichungulia dirishani angesema hawa wanacheza tu, na angekuwa amesema kweli. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mchezo na kwa dansi, na sidhani kama wazee waliotuachia neno hilo walikosea. Ndani ya mchezo ule mtoto alijifunza kusikia pigo, kuanza nalo, kusimama nalo, na kujua mwili wake uko wapi ili asimgonge mwenziwe. Hakuna mchezaji wa baleti anayefika popote bila mambo hayo.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, miaka minne na nusu, ambaye kwa wiki tatu alisimama ukutani ameshika kitasa cha kabati. Hakulia wala hakukataa; alisimama tu. Mwalimu wa wakati huo, mama mwenye busara, hakumvuta. Wiki ya nne mtoto akaanza kutembea sambamba na ukuta, kutoka kabatini hadi kona na kurudi, nje kabisa ya muziki wa wenzake. Nikaliacha gwaride nililokuwa napiga, nikaanza kumpigia noti moja kwa kila hatua yake. Akasimama, nikanyamaza. Akageuka kutafuta ni nani amefanya vile. Akatupa hatua mbili za haraka, kama mtu anayetega mtego, nami nikampa noti mbili. Akaruka juu. Alipotua nilibamiza vidole vyote kumi, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo yeye hakuufuata muziki hata kidogo. Muziki ndio uliomfuata. Baada ya wiki mbili akaanza kuufuata yeye, wala hakuna aliyemwambia.

Hakuna muujiza hapo. Mtoto wa miaka minne ukimwacha apige meza apendavyo, atapiga haraka kuliko mtu mzima. Mwendo wake wa asili ni wa kasi, na miguu yake ni mifupi. Ukimtaka atembee polepole kwa walsi ya watu wazima, ule muziki wa mapigo matatu matatu, unamtaka asimamie mguu mmoja muda mrefu kati ya hatua na hatua, na hilo ndilo gumu kwa umri wake. Kwa hiyo mwalimu mwenye jicho huanza na kasi ya mtoto, kisha humvuta taratibu kuelekea kasi anayoitaka yeye. Spika haiwezi. Ile noti ya mwisho ambayo mpigaji huishikilia hadi mtoto wa nyuma kabisa atue, spika haina, kwa sababu haimwoni.

Nyimbo mlizochagua ni tatu, zimerekodiwa kwa kasi moja, ni za onyesho, na zimerudiwa hizo hizo tangu muhula uanze. Nilikuja nikakaa nyuma kimya nikaangalia. Kati ya watoto 27, waliokuwa wakikanyaga na pigo hawakuzidi 6. Wengine wote walikuwa wakinakili mkono wa mwalimu, nusu pigo nyuma yake. Mwalimu alipogeuka kurekebisha sauti ya spika, mstari mzima ukapotea kama kundi lililokimbiwa na mchungaji.

Wazo hili wala si langu. Mswisi Émile Jaques-Dalcroze, alipokuwa akifundisha muziki Geneva mwishoni mwa karne ya 19, aligundua kuwa wanafunzi wake walijua noti kwa vidole na kwa kalamu lakini miili yao haikuzisikia. Akawainua vitini, akawatembeza. Mtunzi wa muziki Carl Orff na mwalimu wa miondoko Dorothee Günther walipofungua shule yao Munich, Ujerumani, mwaka 1924, waliweka muziki na mwendo chini ya paa moja kwa sababu kama hiyo. Zaidi ya miaka 100 watu wameifanyia kazi njia hii, nasi tulikuwa nayo. Tumeitoa ili tupate pa kuning'iniza mavazi.

2. Miguu inageuzwa kwa nguvu na misamba inasukumwa

Katika baleti miguu hufunguliwa nje. Nafasi tano za miguu tunazozifundisha zilipewa utaratibu na mwalimu wa dansi Pierre Beauchamp katika zama za Louis XIV, yule mfalme wa Ufaransa aliyeanzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661. Waliozicheza walikuwa watu wazima, mifupa imeshakomaa.

Kufunguka huko hutoka nyongani. Mtoto huzaliwa shingo ya mfupa wake wa paja ikiwa imeelekea mbele kwa nyuzi 30 hadi 40, na pembe hiyo hupungua taratibu miaka yote ya utoto hadi kubaki nyuzi 15 hivi utu uzimani. Ndiyo maana watoto wengi wa miaka minne hutembea vidole vikitazamana, na wakikaa sakafuni hutupa nyayo pande mbili, magoti mbele. Si wagonjwa, ndivyo walivyo kwa wakati huo. Sasa mwambie mtoto huyo "fungua zaidi". Nyonga itagoma, na mwili utatafuta mlango mwingine: goti litasokotwa, kifundo kitalalia ndani, unyayo utabonyea. Ukimtazama kwa mbali vidole vimeelekea nje na picha inapendeza. Ukimsogelea, goti linatazama mbele na wayo unatazama pembeni.

Kipimo chake hakihitaji daktari. Mwambie akunje magoti, ile plie ya kawaida, utazame kama magoti yanapita juu ya vidole vya miguu. Yakianguka ndani, amefungua kupita uwezo wake, mrudishe. Kila mtoto atasimama pembe yake. Lakini darasani kwetu sasa zimechorwa alama za chaki sakafuni, V pana zenye pembe moja, na kila mtoto anaamriwa kuingiza miguu humo. Mchoro mmoja kwa watoto 27.

Kuhusu misamba, yaani kushuka sakafuni miguu imetanuliwa kabisa, nilichokiona Jumatano ile niliwaandikia, na nakirudia. Msaidizi wa mwalimu alimshusha msichana wa miaka mitano kwenye msamba wa pembeni, akamwekea goti mgongoni, akabonyeza huku anahesabu hadi 20. Mtoto hakulia. Alikuwa amefumba macho, na vidole vya mikono vimejikunja ndani ya viganja. Alipoachwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuutazama uso wa msaidizi kuona kama amefanya vizuri. Bado naiona sura ile.

Ncha za mifupa ya mtoto wa umri huo bado zinakua. Zina sehemu za gegedu ambazo ni dhaifu kuliko kano zinazozivuta. Kumsukuma ni kuvuta mahali pasipotakiwa kuvutwa. Na yule ambaye viungo vyake ni vilegevu kwa asili, anayeshuka hadi chini bila shida na mnayemweka mbele kama mfano, ndiye hasa asiyehitaji kunyooshwa. Huyo anahitaji nguvu ya kuushikilia mwili alionao.

3. Viatu vya ncha

Wasichana watatu wa miaka saba walivalishwa viatu vya kusimamia ncha za vidole ili wapigwe picha ya tangazo, huku wameshikwa mikono wasianguke. Hapa sina maneno mengi. Marie Taglioni alipowashangaza watu wa Paris mwaka 1832 kwa kucheza juu ya ncha, alikuwa mwanamke wa miaka 27 aliyefanyizwa mazoezi makali na baba yake kwa miaka. Walimu makini hungoja hadi miaka 11 au 12, tena kwa mtoto mwenye miaka kadhaa ya mafunzo na vifundo vyenye nguvu. Picha ile iondolewe.

4. Sakafu

Ukumbi wa juu una sakafu ya mbao inayonesa. Chini yake kuna viunzi na uwazi, hivyo mtoto akitua, mbao humeza sehemu ya kishindo. Sasa ukumbi huo umepewa darasa la jioni la watu wazima, nao watoto wameteremshwa kwenye chumba cha vigae juu ya zege. Mmetandika zulia la plastiki, nashukuru, lakini lile huzuia kuteleza tu. Kishindo kinabaki palepale, kinapanda kwenye kisigino, muundi na goti. Wimbo wa pili wa onyesho peke yake una miruko 48, nimeihesabu.

Zamani tuliwafundisha kutua kama paka: vidole, kisha wayo, kisha kisigino, magoti yakikunjika. Mimi nilikuwa napunguza sauti hadi ikawa kama pumzi, ili isikike miguu ya nani inapiga kelele kuliko piano. Walishindana kwa ukimya. Leo spika inavuma kiasi kwamba hata wakitua kama magunia hakuna atakayejua, isipokuwa magoti yao wenyewe.

5. Idadi na muda

Walikuwa 12 na mwalimu na msaidizi. Sasa ni 27 na watu walewale wawili. Kipindi kilikuwa dakika 40, na hata hizo tulizikata vipande: kutembea, kukaa, kuruka, kusikiliza, kwa kuwa mtoto wa miaka minne habaki na jambo moja muda mrefu. Sasa ni dakika 90 kila onyesho linapokaribia, na sehemu kubwa ya muda huo wamepanga mstari wakingoja zamu. Mtoto anayengoja zamu dakika 20 anajifunza kungoja.

6. Maneno, na mikono

"Ingiza tumbo hilo." Nimeyasikia kwa masikio yangu, yakiambiwa mtoto wa miaka mitano aliyevaa vazi la kubana kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tumbo la mtoto wa umri huo hutokeza kwa sababu misuli yake ya tumbo haijakomaa na mgongo wake wa chini umebinuka kwa asili; hata mwembamba kabisa yuko hivyo. Hawezi kuliingiza na kupumua kwa wakati mmoja. Anachoweza ni kulionea aibu. Wiki iliyofuata alikuja na sweta juu ya vazi na hakutaka kulivua.

Mikono nayo iombe ruhusa. "Naweza kukushika bega?" ni sentensi fupi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sijui ni jambo gani linamhusu mtu kuliko mguu wake mwenyewe. Kifungu cha 31 cha mkataba huo huo kinataja mapumziko, michezo na sanaa kwa pamoja. Waandishi wake hawakuona haja ya kuvitenganisha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua majibu yanayokuja, maana mengine nilishayasikia katika zile dakika 6 zilizobaki.

Mtasema wazazi wanataka onyesho. Wanalitaka, kweli, na mimi napenda kuwaona watoto jukwaani kuliko mtu yeyote. Lakini mzazi anataka kile alichoonyeshwa kuwa kipo. Kabla ya mavazi na taa tulikuwa na siku ya darasa la wazi: wazazi wanakaa sakafuni ukutani, watoto wanafanya kipindi chao cha kawaida, na dakika 10 za mwisho wazazi wanavua viatu na kutembea nao. Nimeona mababa wenye vitambi wakishindwa kuganda piano iliponyamaza, na watoto wao wakiwacheka hadi machozi. Hakuna aliyeuliza mavazi yako wapi.

Mtasema mtoto asipoanza mapema atachelewa. Kuanza mapema ndiyo, lakini kuanza na nini? Shule ya baleti ya St Petersburg, Urusi, iliyoanzishwa mwaka 1738 na iliyotoa wachezaji ambao sote tunawataja kwa heshima, hupokea watoto kwa mafunzo kamili wakiwa na miaka 10 hivi. Katika miaka minne au mitano ya kabla ya hapo mtoto anatakiwa apate sikio, mizani na hamu ya kurudi wiki ijayo. Mwendo wa farasi, mguu mmoja ukitangulia, wengi huupata kwenye miaka minne. Kurukaruka kwa kubadilisha miguu huja baadaye kidogo, kwenye miaka mitano au sita, na kunakuja kwa mdundo wa ndefu na fupi ambao lazima mtoto ausikie kabla mguu haujautii. Hakuna anayechelewa akiwa na miaka mitano.

Mtasema hakuna mtoto aliyeumia. Hakuna aliyelala hospitali, hilo nakubali. Lakini daftari la mahudhurio mnalo ninyi. Lifungueni mhesabu wangapi walioanza muhula uliopita na wangapi wamerudi. Mimi nimewahesabu kwa macho, ninyi mna majina.

Na mtasema napinga baleti. Miaka 11, waheshimiwa! Napenda kumsikia mtoto ambaye bado hajajua kufunga kamba za viatu akitamka "releve", yaani kuinuka juu ya vidole, kwa madaha kama amezaliwa Ufaransa. Napenda zile nguo, hata zile zenye manyoya yanayojaa puani. Mwalimu wa sasa simlaumu. Ni kijana, ana kipaji, na anafundisha alichopewa kwenye ratiba yenu. Ratiba hiyo inatoka kwenye meza ya kamati, ndiyo maana barua hii imekuja kwenu na haikwenda kwake.

Ninachoomba ni hiki. Kusukuma misamba na kugeuza miguu ya watoto kwa mikono kusimame leo, bila kungoja kikao, na alama za chaki zifutwe. Viatu vya ncha visivaliwe na mtoto yeyote wa darasa hili, hata kwa picha. Kabla muhula ujao haujaanza, nusu ya kwanza ya kila kipindi irudishwe kuwa ya mdundo na mwendo, kwa piano, ngoma, makofi au sauti ya mwalimu mwenyewe, ilimradi chombo kinachopigwa kiwe mkononi mwa mtu anayewaona watoto. Darasa ligawanywe lisizidi watoto 14, na kipindi kisipite dakika 45. Watoto warudishiwe ukumbi wa mbao alasiri, kwa kuwa darasa la watu wazima linaanza jioni na masaa hayo ukumbi uko mtupu, nimepita nikauona. Walimu na wasaidizi wapewe maandishi ya nini kinasemwa na nini hakisemwi juu ya mwili wa mtoto. Kuhusu onyesho la mwaka huu, kama haliwezi kuahirishwa, basi watoto wa chini ya miaka sita waingie jukwaani na mchezo wao wa tembo na kunyata, dakika tatu, watoke. Nawahakikishia watapigiwa makofi kuliko wote.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, linalogusa kila hoja kwa namba yake. Mkiniita kwenye kikao nitakuja, ila naomba mwaliko huo ufike pia kwa wazazi wawili watakaochaguliwa na wenzao.

Mengine hayahitaji kikao. Ngoma ndogo niliyoiacha iko kwenye kabati la pili, rafu ya chini, ndani ya mfuko wa kitambaa, pamoja na skafu 12 za rangi ambazo watoto walikuwa wanazirusha na kuzidaka kwa hesabu ya walsi. Ngozi yake hulegea hewa ikiwa na unyevu. Iwekwe juani robo saa kabla ya kipindi. Mwalimu anaweza kuitumia Jumatano hii.

Wenu katika kazi,

Aliyekuwa mpiga piano wa darasa la watoto wadogo
(jina na saini yangu mnazo kwenye barua mbili zilizotangulia)

Nakala: wazazi na walezi wa watoto wa darasa hili, walimu wote wa shule.